Mahjub wa Dar: Askari mtoto aliyetekwa Mahiwa, vita vikamfuata hadi Berlin

AWASSE, Cabo Delgado – Dereva anayetoka Mocímboa da Praia na mzigo akifika Awasse hana budi kuchagua. Akienda magharibi atapanda nyanda za juu hadi Mueda, kisha atashuka Negomano, avuke Daraja la Umoja na kuingia Mtambaswala upande wa Tanzania. Akikata kusini atashika njia ya Macomia na Pemba. Kwa mwenye korosho, samaki wakavu, vitenge au saruji, Awasse ni njia panda ambayo haikwepeki.

Kwa sababu hiyo hiyo, jeshi lolote linaloitaka kaskazini ya Cabo Delgado huitaka Awasse kwanza. Wanamgambo waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia alfajiri ya Oktoba 5, 2017. Agosti 2020 waliuteka mji huo na kuushikilia kwa mwaka mzima. Vikosi vya Rwanda na Msumbiji viliikomboa Awasse mwishoni mwa Julai 2021, na siku chache baadaye, Agosti 8, vikaingia Mocímboa da Praia.

Katika miaka hiyo watu wengi wa eneo hili walichukuliwa mateka, wakiwamo wanawake, wasichana na wavulana. Baadhi ya wavulana walipewa silaha. Waliobahatika kutoka porini wamerudi, au wanarudi, kwenye vijiji na masoko ambayo wafanyabiashara wa pande zote mbili za Ruvuma hupita kila wiki.

Swali la nini humpata mtu baada ya kutoka kifungoni si geni katika ukanda huu. Karibu miaka 100 kamili kabla ya shambulio la Mocímboa, Oktoba 1917, mvulana wa miaka 13 kutoka Dar es Salaam alitekwa akiwa na sare ya jeshi, ng'ambo ya Ruvuma, katika bonde la Lukuledi mkoani Lindi. Aliachiwa huru, akakua, akasafiri mbali, akaoa, akapata kazi na hata kuonekana kwenye filamu. Lakini vile vita vya utotoni vilimfuata kila alikokwenda, hadi vikamfikisha katika kifungo cha pili, ambacho hakutoka hai.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana kama Bayume Mohamed Husen.

Mtoto wa askari

Mahjub alizaliwa Dar es Salaam Februari 22, 1904, wakati Tanganyika, Rwanda na Burundi za leo zilipokuwa koloni la Ujerumani. Baba yake alikuwa askari mwenye cheo katika jeshi la Wajerumani, mmoja wa wale wenye asili ya Sudan ambao Wajerumani waliwategemea tangu walipoanza kuitwaa nchi.

Mtoto wa askari wa aina hiyo alikulia kambini. Alisikia tarumbeta kabla ya kujua kusoma, na aliona kwamba sare ilimpa mtu mweusi mshahara, chakula na heshima ambayo raia wa kawaida hakuipata. Sare hiyo hiyo ilichukiwa vijijini, kwa kuwa maaskari ndio waliotumwa kukusanya kodi na kuzima upinzani, wakati wa Maji Maji na hata baada yake.

Mahjub alijifunza Kijerumani mapema na akafanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo mjini Lindi. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka mwaka 1914, aliingia jeshini pamoja na baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 10.

Leo sheria za kimataifa zinamhesabu mtoto wa umri huo kuwa mtu asiyepaswa kabisa kuwa vitani. Wakati ule hakuna aliyeuliza. Watoto walifuatana na majeshi pamoja na mama zao, wapishi na wapagazi. Wapagazi hao, waliochukuliwa kwa nguvu na pande zote, walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na uchovu. Anayefungasha mzigo Kariakoo leo anatamka jina lililotokana na kambi ya wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo, ingawa ni wachache wanaokumbuka asili yake.

Siku za Mahiwa

Kufikia mwaka 1917 jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa hadi kona ya kusini mashariki ya koloni. Waingereza walipanda kutoka Lindi na majeshi yaliyokusanywa kila pembe ya himaya yao, wakiwamo askari wa Nigeria na wale wa King's African Rifles ambao Waswahili waliwaita Keya.

Katikati ya Oktoba pande mbili zilikutana Mahiwa, karibu na Nyangao. Mapigano yalidumu siku kadhaa na yalikuwa miongoni mwa mapigano makali kuliko yote ya vita vile Afrika Mashariki. Wajerumani walikuwa na watu wapatao 1,500 dhidi ya Waingereza karibu 5,000. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza 500 hivi, hasara ambayo hawakuwa na namna ya kuifidia. Walio wengi kati ya walioanguka, pande zote mbili, walikuwa Waafrika.

Mahjub alikuwa mmoja wa majeruhi. Alitekwa na Waingereza.

Lettow-Vorbeck hakusubiri. Akiwa ameishiwa risasi na dawa, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma. Novemba 25, 1917 aliivamia kambi ya Wareno pale Negomano, akajichukulia bunduki, risasi na chakula, kisha akaingia ndani ya Msumbiji. Lori linalovuka Daraja la Umoja leo, daraja lililofunguliwa mwaka 2010, linapita jirani na mahali hapo. Vita viliendelea kwa mwaka mmoja zaidi, vikaishia Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe kama hiyo ya Novemba 25, mwaka 1918.

Mwisho wa vita haukuwa sawa kwa wote. Maofisa wa Kijerumani walisafirishwa kwao, na Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipokewa Berlin kwa gwaride. Maaskari wake waliwekwa kambini Tabora, na homa kali ya mafua iliyozunguka dunia wakati huo iliwaua wengi wakisubiri kuachiwa. Mishahara ya miezi mingi haikuwa imelipwa. Wengine walibaki na hati ya maandishi tu, ahadi ya serikali iliyokuwa imeanguka.

Kwa mfanyabiashara jambo hilo lina jina rahisi. Mdaiwa amehama, duka limefungwa, na mkononi umebaki na karatasi.

Njia ya bahari

Mahjub alipotoka kifungoni alikuwa bado kijana wa kuanza maisha. Nchi ilikuwa imebadilisha mtawala. Wale aliowapigania walikuwa wameondoka, na wale waliomteka ndio sasa walioendesha ofisi, bandari na mahakama. Mwaka 1927 Waingereza walizindua katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari, ambayo kila msafiri anayeshuka Posta anaijua, ikisimama leo kwenye Barabara ya Samora. Iliwekwa kwa heshima ya Waafrika waliokuwa upande wa Uingereza. Mtoto wa Dar aliyevaa sare ya upande mwingine hakuwa na sehemu pale.

Akaenda baharini. Alifanya kazi za utumishi kwenye meli, na mwaka 1925 akawa mhudumu wa mezani katika meli ya kampuni ya Kijerumani iliyosafiri Afrika Mashariki. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani na kwenda Berlin.

Shughuli iliyompeleka ilikuwa moja. Alikwenda kudai malimbikizo ya mshahara wa vita, wake na wa baba yake.

Miaka 12 ilikuwa imepita tangu atekwe. Alikuwa na umri wa miaka 25, kazi na afya, na angeweza kuliacha lile jambo lipite. Badala yake alisafiri hadi mlangoni kwa mdaiwa. Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ilimjibu kuwa amechelewa, muda wa kupokea madai kama hayo ulikuwa umekwisha.

Hakurudi Dar es Salaam. Akabaki Berlin.

Mwalimu wa Kiswahili, mhudumu wa mezani

Alipata kazi Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe katikati ya Berlin, lenye kumbi zilizopambwa kwa mitindo ya nchi mbalimbali. Wahudumu weusi waliwekwa pale wawe sehemu ya mapambo. Wakati huo huo alifundisha Kiswahili katika chuo cha lugha kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Berlin. Wanafunzi wake walikuwa watu waliotarajia kufanya kazi Afrika, wakiwamo maofisa walioamini kwamba Ujerumani itayarudisha makoloni yake. Maprofesa walichukua jina na mshahara mzuri. Yeye, aliyekuwa na lugha yenyewe mdomoni, alilipwa kama msaidizi.

Januari 27, 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku tatu baadaye Adolf Hitler akawa kansela. Familia ya mtu mweusi na mke mzungu ilianza maisha katika nchi ambayo serikali yake ilihubiri kwamba damu zao hazipaswi kuchanganyika. Mwaka 1935 ilitungwa sheria ya kukataza ndoa na mahusiano ya namna hiyo. Mwaka huo huo Husen alipoteza kazi yake Haus Vaterland baada ya wenzake kazini kumlalamikia.

Mtu mwingine katika hali hiyo angejificha. Husen alifanya kinyume, akaivaa sare ya askari.

Sare isiyovuliwa

Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilianza kutoa nishani kwa kila mtu aliyepigana mstari wa mbele katika Vita Kuu. Husen aliomba yake. Alikuwa na haki kwa kipimo chochote, maana alipigana, alijeruhiwa na alitekwa. Ombi lilikataliwa. Hata hivyo, alijipatia nishani kwa njia yake mwenyewe na kuivaa.

Alihudhuria mikutano ya wale waliotaka makoloni yarudi, akasimama mbele ya umati akiwa askari wa Afrika Mashariki, kofia na mikanda mahali pake. Alishiriki katika onyesho lililozunguka miji ya Ujerumani likiwaweka Waafrika mbele ya watazamaji kama kitu cha maajabu. Lilikuwa chanzo cha kipato, na kwa muda lilikuwa kinga kwa Waafrika waliokuwa wamebanwa kila upande. Kwa Husen pia lilikuwa mahali pachache ambapo vita vyake vilikubaliwa kuwa vilitokea.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939, alikuwa na miaka 35, na ni baba wa familia. Akaomba kujiunga na jeshi la Ujerumani. Alikataliwa tena.

Hakuna anayeweza kumpima akili marehemu, na maisha ya mtu hayaelezwi kwa ugonjwa mmoja. Lakini mfuatano wa matendo yake ni rahisi kuuona. Alidai mshahara wa vita. Alidai nishani ya vita. Alivaa sare ya vita. Aliomba kurudi vitani. Kila mlango aliobisha ulikuwa wa nyumba ile ile aliyoingia akiwa na miaka 10, na kila mara aliambiwa kwamba hakuna mwenyeji anayemfahamu.

Katika kambi za mateka na baada yake, jambo hilo hutokea mara nyingi. Askari aliyetekwa hubeba mizigo miwili. Mmoja ni ule wa vita, yaani jinamizi la usiku, kushtuka kwa mlio mdogo, hasira zisizo na sababu na kukwepa kila kinachomkumbusha. Wa pili ni wa kifungo, yaani aibu ya kusalimu amri, hisia kwamba wakati wenzake wakiendelea yeye alisimamishwa njiani, na shaka anayoikuta kwa watu wake anaporudi. Wengine huishi kwa kukimbia kumbukumbu. Wengine huzirudia, kana kwamba safari hii mambo yatamalizika vizuri.

Kwa aliyetekwa akiwa mtoto mzigo unazidi. Mtu mzima ana maisha ya kabla ya vita ya kurudia. Mtoto aliyeanza kujijua akiwa kambini hana. Akiambiwa avue sare, chini yake hakuna nguo nyingine aliyoizoea.

Filamu na wafungwa

Husen aliigiza katika filamu zisizopungua 20 za Kijerumani, mara nyingi sehemu ndogo za mtumishi, mpagazi au askari. Mwaka 1934 alionekana katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, filamu kuhusu vita vile vile alivyopigana yeye. Vita vilivyomjeruhi vikawa kazi ya kumpatia riziki, mbele ya kamera, kwa maneno yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwapo.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941. Ilimtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyetafuta mikataba na machifu wa Usagara na kwingineko miaka ya 1880 na ambaye Waafrika walimkumbuka kwa jina la Mkono wa Damu. Husen aliigiza Ramasan, kiongozi wa msafara na mkalimani wa Peters.

Weusi wengine walihitajika kwa wingi kujaza picha za vijiji na misafara. Watengenezaji walipata watu hao kambini. Walikuwa askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliotekwa na Wajerumani mwaka 1940. Kwa hiyo mateka wa Mahiwa alijikuta akiigiza ushindi wa Ujerumani barani Afrika, akizungukwa na mateka wapya wa Kiafrika wa Ujerumani ile ile.

Wakati wa kazi hiyo alikuwa na uhusiano na mwanamke mzungu. Mwaka huo wa 1941 ajira yake chuoni pia ilikwisha, na ulinzi mdogo aliokuwa nao ukaondoka. Kabla ya mwaka kuisha alikamatwa kwa kosa la kuchafua rangi, kama sheria za Wanazi zilivyoliita. Hakufikishwa mahakamani. Septemba 1941 alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin.

Alikaa huko zaidi ya miaka mitatu. Alifariki Novemba 24, 1944, akiwa na umri wa miaka 40.

Wengine waliodai

Siku saba baada ya kifo chake, Desemba 1, 1944, tukio jingine lilitokea Afrika Magharibi ambalo linaonyesha kwamba Husen hakuwa peke yake. Askari wa Kiafrika waliokuwa wametoka katika kambi za mateka za Wajerumani walirudishwa na Wafaransa hadi Thiaroye, karibu na Dakar. Walidai malimbikizo ya mishahara ya miaka ya kifungo kabla ya kutawanyika kwenda kwao. Jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi. Taarifa rasmi zilitaja watu 35 waliouawa, na baadaye serikali ya Ufaransa yenyewe ilikubali idadi kubwa zaidi. Ilichukua miaka 80 kwa rais wa Ufaransa kuyaita yaliyotokea pale mauaji ya halaiki.

Fedha yenyewe haikuwa nyingi. Kwa mtu aliyekaa miaka nyuma ya seng'enge, kulipwa kulimaanisha kwamba miaka hiyo imehesabiwa kuwa utumishi na kwamba hakuwa mtoro wala mtu aliyepotea. Kunyimwa kulimwambia kinyume.

Ujerumani nayo ilirudi kwenye daftari hilo ikiwa imechelewa. Mwaka 1964, mwaka ambao Lettow-Vorbeck alifariki, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa maaskari wa zamani waliokuwa bado hai. Husimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza na wazee mia kadhaa wakajitokeza, wengi bila karatasi yoyote, wengine na kipande cha sare kuukuu. Mlipaji akakosa njia ya kuwatambua wakweli. Basi kila mzee alipewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea.

Masimulizi hayo huelezwa kwa kicheko, na yanachekesha kweli. Lakini yana upande mwingine. Amri ya kigeni iliyotolewa baada ya zaidi ya miaka 45 ilikuta mikono na miguu ya wale wazee ikiwa bado inasubiri.

Kilichopatikana Msumbiji

Wataalamu wamejifunza mengi tangu enzi za Mahiwa. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliyapa rasmi jina majeraha ya akili yanayodumu baada ya vita na maafa, na jina hilo likaenea duniani. Nchini Israel, watafiti waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 30 wanajeshi waliotekwa katika vita vya mwaka 1973. Waliona kwamba dalili hazipungui tu kadiri miaka inavyopita. Kwa baadhi ya mateka ziliongezeka uzeeni, na wengine walioonekana wazima walianza kuumwa baada ya miaka mingi. Wenzao waliopigana lakini hawakutekwa waliathirika kidogo zaidi ya hapo.

Msumbiji ina ushahidi wake. Mwaka 1988, vita kati ya serikali na Renamo vikiwa bado vinaendelea, wavulana 39 waliokuwa wametekwa na kutumiwa porini walipelekwa kituo cha Lhanguene mjini Maputo. Wengine walikuwa wadogo wa miaka sita. Walihudumiwa kwa miezi kadhaa, kisha wakarudishwa kwa ndugu zao. Watafiti waliendelea kuwatembelea kwa miaka 16.

Wengi wao walikuwa wamegeuka kuwa waume, baba, wakulima na wafanyakazi kama majirani zao. Jinamizi halikuwa limewaacha wote, na siku mbaya zilikuwapo. Ila walijifunza kuishi nazo. Kilichosaidia zaidi hakikuwa dawa. Familia ziliwapokea na kuwafanyia matambiko ya kuwatakasa, hivyo kijiji kizima kikajua kwamba ya porini yamebaki porini. Walipewa kazi au kujifunza ufundi. Majirani walikubali kuwaita kwa majina yao.

Walio kaa kifungoni kwa muda mrefu zaidi ndio waliopata shida zaidi kurudi katika maisha ya kawaida. Hata hivyo, wengi wao pia hawakupotea.

Ukiyaweka maisha ya wavulana wa Lhanguene kando ya maisha ya Mahjub, tofauti inaonekana bila darubini. Wao walitekwa wakiwa watoto kama yeye. Walitumiwa na jeshi kama yeye. Lakini palikuwa na watu waliowangoja njiani, na palikuwa na siku iliyotangazwa kwamba vita vyao vimekwisha. Mahjub hakuipata siku hiyo, si Dar es Salaam wala Berlin.

Kurudi njia panda

Mwaka 2007 jiwe dogo lenye bamba la shaba liliwekwa kwenye kijia cha waendao kwa miguu mbele ya nyumba aliyowahi kuishi Berlin, Brunnenstraße 193. Mwaka huo huo kitabu cha maisha yake kilichapishwa kwa Kijerumani, na mwaka 2013 ikatoka filamu ya kumbukumbu kuhusu safari yake. Kwa wengi wa upande huu wa bahari, jina lake bado halijafika, ingawa Lindi, Nyangao na Negomano ni vituo vya safari zao za kila siku.

Awasse sasa ina watu waliopitia mambo ya aina hiyo hiyo, na wengi wao ni vijana. Wafanyabiashara wa mpakani ni miongoni mwa wageni wa kwanza kuwakuta, kwa sababu soko hufunguliwa kabla ya ofisi. Kijana anayetaka kupakia mizigo, msichana anayetaka kukopeshwa maandazi auze barabarani, fundi anayetaka kujifunza kushona, yeyote kati yao anaweza kuwa alitoka porini.

Uchunguzi wa Lhanguene unaonyesha kwamba ajira ndogo na jina zuri vina uzito kwa mtu wa namna hiyo. Unaonyesha pia kinachoharibu, yaani kumwita kwa yale aliyolazimishwa kuyafanya, kumfukuza kwa uvumi na kumlazimisha asimulie mbele za watu. Kazi ya usalama ina wenyewe, nao wana sheria zao. Mchuuzi anachoweza kutoa ni kile alicho nacho, yaani kibarua kinacholipwa siku ile ile, kwa kiasi kile kile kilichoahidiwa.

Mahjub bin Adam alivuka bahari na kusubiri miaka 15 malipo ya namna hiyo. Alipofariki Sachsenhausen, mshahara wake wa Mahiwa ulikuwa bado haujalipwa.